Mpagazi kutoka Kisarawe

Wenzangu, tangu nirudi kila mmoja wenu ameniuliza shingo imepatwa na nini, na kila mmoja nimempa jibu lake. Mama Asha nilimwambia ni mto wa nyumba ya wageni. Bi Mwanahawa nilimwambia ni uzee. Yule fundi mwenzangu wa cherehani nilimwambia asinifuatefuate. Sasa nimegundua mnalinganisha majibu nyuma ya mgongo wangu, kwa hiyo nimekaa chini niandike mara moja, msome wote, tuachane na maneno.

Habari za kujiandikisha na kulipia alizishughulikia mwanangu Shani, nami sitazieleza kwa sababu sizijui. Ninachojua ni kwamba aliniambia, "Mama, umeshona miaka thelathini, nenda ukatembee," nikadhani ananipeleka Zanzibar. Kumbe ananipeleka Tabora kupanda pikipiki za matairi manne porini. Nikamchukua wifi yangu Tatu, ili kama ni kuvunjika tuvunjike wawili.

Mbagala hadi Tabora

Basi liliondoka alfajiri na mpaka Dodoma sina la kulalamika. Balaa lilianzia Manyoni. Dereva alitupa dakika kumi za kujinyoosha, Tatu akashuka kununua kuku. Mnamjua Tatu, hanunui kitu bila kukikagua. Kuku wa kwanza alimkataa kwa sababu alikuwa na miguu mirefu, wa pili kwa sababu muuzaji hakumtazama usoni.

Huku nyuma, mama mmoja muuza karanga alikuwa amepanda ndani na sinia lake, akaona kiti cha Tatu kipo wazi, akakaa kidogo apumzishe miguu. Mimi nilikuwa nimesinzia. Kondakta akahesabu vichwa, akaona vimetimia, akagonga bati, tukaondoka. Tulikuwa tumeshatoka nje ya mji yule mama alipozinduka na kuanza kuita watoto wake kwa majina.

Tuligeuza. Nilimkuta wifi yangu amekaa kwenye kigoda cha yule mama, mfuko wa kuku mapajani, anawauzia watu karanga zilizobaki na kuwaambia mwenyewe anarudi sasa hivi. Walikumbatiana kama ndugu na kupeana namba za simu. Abiria wengine hawakutusemesha mpaka Itigi. Baada ya hapo msitu ulitanda pande zote mbili za barabara, kuku akaliwa, hasira zikaisha. Tuliingia Tabora jua linazama.

Ng'ambo

Asubuhi tukapelekwa Ng'ambo, nyumbani kwa Nassoro, kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye ndiye mwenye pikipiki na ndiye kiongozi wa safari. Nassoro ni wa wale Waarabu wa Tabora waliokaa pale vizazi na vizazi. Mama yake, Bi Zuwena, huomba dua kwa Kiarabu na humgombeza mwanawe kwa Kinyamwezi. Alitukaribisha chapati za maji na kahawa chungu, akakaa kututazama tukila, kisha akasema, "Leo mwombeeni mwanangu. Wakimfungia ile njia, hana kazi tena."

Nassoro alikohoa. Mimi nikaweka kikombe chini. "Njia gani inafungwa?"

Ikabidi aseme. Njia anayopitisha wageni, kipande cha njia ya zamani ya misafara, hukatiza msitu ambao wanakijiji wametundika mizinga ya nyuki. Mwezi mmoja nyuma kelele na vumbi la pikipiki viliwafukuza nyuki kwenye mizinga kadhaa. Wafugaji wa nyuki wakakasirika, na siku hiyohiyo tuliyofika kwake walikuwa na mkutano wa kuamua kama wafunge. Yeye alipewa nafasi ya kujieleza saa sita mchana. Hakuna njia nyingine, maana huku ni mashamba ya watu na kule ni mbuga inayojaa maji.

"Kwa hiyo sisi umetuleta kutalii au kutoa ushahidi?" nilimuuliza.

"Mama, nisamehe. Niliona haya kukwambia."

Nilimkasirikia kweli, kama dakika tatu hivi. Halafu nikamwona Bi Zuwena anavyokunja na kukunjua ncha ya ushungi wake, nikameza hasira na kipande cha chapati. Mimi pia nina mtoto anayejitafutia.

Mafunzo tulipewa na fundi wake, Evarist. Ni mtu mzima mpole wa Ulyankulu, wazee wake walitoka Burundi, na amefunga rozari kwenye usukani wa pikipiki yake. Alinionyesha mafuta, breki na jinsi ya kuweka nyutro. Kila nilipokosea alisema "polepole, mama" kwa sauti ileile. Mzunguko wa tatu niliacha kupiga kelele. Tatu naye aliendesha hatua kumi, akaingia moja kwa moja kwenye jaruba la mpunga, akatoka na matope mpaka kwenye kope. Tangu hapo aliapa atakaa nyuma ya Nassoro kama mzigo. Kwa hiyo tuliondoka na pikipiki tatu, yao mbele, yangu katikati, ya Evarist mwisho.

Njia ya Ntalikwa

Nataka niseme ukweli, nilifurahi. Ntalikwa ni mashamba matupu, karanga na viazi vitamu na mahindi, njia nyekundu inapinda katikati, nami Mama Shani na helmeti yangu naruka mashimo na kucheka peke yangu. Nassoro alikuwa akisimama kutuonyesha mahali misafara ilipopita ikitoka Pwani kwenda Ujiji. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Niliyasoma hayo shuleni na hayakuwahi kunihusu.

Kilichotuchelewesha ni salamu. Nassoro alikuwa ameamua siku hiyo asimuudhi mtu yeyote, kwa hiyo kila aliyetokea njiani alimzimia injini. "Mwangaluka," anasema, anajibiwa, anaulizwa za mama, anajibu, anauliza za mifugo, anaelezwa mmoja mmoja. Mwenye baiskeli ya kuni tulimsalimia. Waliokuwa wakipalilia tuliwasalimia tangu mwanzo wa tuta mpaka mwisho. Nikajaribu kumkumbusha saa, akaniambia, "Mama, hawa ndio ndugu zao wale wa mkutanoni."

Nyumba moja tuliitwa kabisa. Mama mwenye mji alitutolea matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Tatu akadhani ni tangawizi. Akashukuru sana, akafunga konzi nzima kwenye kitambaa, akauliza huwa anatia vipande vingapi kwenye birika. Yule mama alimtazama, akamtazama Nassoro, kisha akachukua kimoja akakitafuna taratibu mbele yake, kama unavyomwonyesha mtoto. Tulikula na chai, tukala tena. Ni vitamu na vinachosha taya, na huwezi kuaga ukiwa unatafuna. Kisha tukakutana na ng'ombe, kundi refu, na ng'ombe wa kule hawajui saa sita ni nini.

Karibu na kijiji Nassoro alisimama akatupa maagizo. "Katibu wao, Mzee Maganga, ni mkali. Nitasema nyinyi ni wageni wa heshima kutoka Dar. Mpeni shikamoo, kisha mkae kimya." Nilimkubalia, ingawa sijawahi kuagizwa kukaa kimya nikafurahi. Ilikuwa saa saba na robo.

Kwenye bani la tumbaku

Mkutano ulikuwa kivulini pa bani la zamani, jengo la udongo walilokuwa wakikaushia tumbaku. Watu kama ishirini, wanaume kwenye mabenchi na wanawake kwenye mikeka. Mezani alikaa Mzee Maganga, mfupi, miwani yake mkono mmoja ni waya. Mbele yake kulikuwa na daftari kubwa na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Tulitoa shikamoo, tukapata marahaba kavu.

"Umechelewa," alimwambia Nassoro. "Tumeshakubaliana. Njia imefungwa. Nimeandika, imebaki sahihi yangu."

"Mzee, naomba niseme kidogo tu."

"Ulipewa saa sita." Akainamia daftari, kisha macho yakatua kwangu. "Na hawa?"

"Wageni wangu wa heshima kutoka Dar."

"Dar ni mji. Kila mtu anatoka Dar. Mama, kwenu hasa ni wapi?"

Nassoro alinikazia macho ninyamaze. Namwelewa. Siku hizi watu wa mjini tumeambizana kwamba kutajana makabila ni ushamba, na kijana alitaka kunilinda. Lakini mzee wa watu kaniuliza.

"Kisarawe," nikasema. "Mimi Mzaramo."

Mzee Maganga alivua miwani. Mabenchi yote yakanigeukia. Kwa wale msiojua: sisi na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo na kupita kwetu. Mtani anakwambia lolote na anakuchukulia chochote, nawe hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha.

"Mzaramo," alisema polepole, kama anayeonja mchuzi. "Nashangaa kwa nini wamechelewa. Kumbe kuna Mzaramo, walikuwa wanasimama acheze ngoma."

"Tumechelewa kwa sababu kila Mnyamwezi njiani anataka nusu saa ya salamu," nikamjibu. "Na wewe unakaaje juu ya kiti, mgeni amesimama? Ondoka hapo."

Nilimsukuma bega, akaondoka, maana ndivyo ilivyo. Nikakaa. Nikavuta daftari, nikaliweka chini yangu na kulikalia barabara. "Anayetaka kusaini aje alitoe."

Mkutano mzima ulivunjika mbavu kwa vicheko. Tatu, ambaye amekulia Ilala na utani anausikia kwa mbali, alinivuta mkono akaninong'oneza, "Wifi, tutapigwa." Mzee Maganga alipangusa machozi kwa mkono wa shati, akamgeukia Nassoro. "Haya sema, kijana. Daftari langu limetekwa, nitafanya nini?"

Nassoro alitoa karatasi mfukoni, hotuba aliyoiandaa. Akaitazama, akairudisha.

"Mwezi uliopita nilijua kuna mizinga," alisema. "Wageni walitaka picha za vumbi, nikawaambia waongeze mwendo. Nilijua, na nikafanya."

Mzee Maganga aliingia ndani ya bani, akatoka amekumbatia mzinga wa gogo, akautua miguuni petu na kufungua mfuniko. Ndani mlikuwa na masega matatu madogo, meupe, hayana kitu.

"Hawa waliingia wenyewe," alisema. "Niliwasubiri msimu mzima. Siku ya pili baada ya vumbi lako wakahama." Halafu akanitazama, na uso ulikuwa mwingine kabisa. "Mimi nina mtani, mama. Nyuki hawana."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nimekalia hasara ya mtu nikiona ninachekesha. Niliinuka, nikamrudishia kiti chake, nikafuta daftari kwa kanga na kulikabidhi kwa mikono miwili. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Aliyesema ni Evarist, ambaye siku nzima hakuwa amesema zaidi ya polepole, mama. "Tuzime injini. Kutoka mti wa kwanza wenye mzinga mpaka wa mwisho, tusukume."

"Mtasukuma leo kwa kuwa tunawaangalia," alisema mama mmoja kutoka kwenye mkeka.

"Mama yangu Ulyankulu anaishi kwa asali," Evarist alimjibu. "Nikiwasha hapa nitamwambia nini?"

Walishauriana kwa Kinyamwezi, kwa muda mrefu. Nassoro anakijua, na nilikuwa nikimsoma uso, haukunipa matumaini. Mwisho Mzee Maganga alichukua kalamu akaichomeka kwenye nywele.

"Tuone. Mkifika upande wa pili bila kuwasha, nitajua cha kusaini. Na wewe Mzaramo hutasukuma."

Nikamshukuru.

"Utabeba," akasema.

Kwa miguu

Hapo ndipo shingo yangu inapoingia. Ilikuwa ndoo ya asali, imejaa. Asali ni nzito kuliko maji, mtu asikudanganye. Wanawake walinisokotea ngata kwa kanga yangu mwenyewe huku wakicheka, wakaniambia nisijipake mafuta wala kupunga mikono, nyuki hawapendi. Tatu walimfuta manukato kwa majani.

Pikipiki zile ni nzito kama ng'ombe aliyegoma. Walisukuma watatu, Nassoro, Evarist na Tatu, moja mpaka mti wa mbele, kisha wanarudi kuchukua ya pili, kisha ya tatu. Mimi na Mzee Maganga tunawangoja. Nilipotaka kutua ndoo alinizuia. "Mpagazi hatui mpaka kiongozi wa msafara aseme. Kiongozi ni mimi."

"Mnyamwezi wewe, utaniua."

"Babu wa babu yangu alibeba jino la tembo kutoka hapa mpaka Bagamoyo," alisema, bila kunitania. "Miezi. Alirudi na nguo moja na bega lililopinda, halikunyooka mpaka anakufa. Alipita kwenu. Walimpa maji au hawakumpa, hatujui."

Yale mambo ya misafara niliyotikisia kichwa asubuhi yalikuwa sasa juu ya utosi wangu, yananidondokea jasho machoni. Nilimuuliza kama walikuwa wakienda kimya hivi. "Waliimba," akasema. "Wewe usiimbe." Juu yetu mizinga ilining'inia matawini na ndani yake mlitoka mngurumo mdogo, wa wenye nyumba.

Karibu na mwisho pana kilima cha mchanga. Pikipiki ya mwisho, ile yangu, ilipanda nusu ikarudi nyuma na kumburuza Tatu. Walijaribu tena, ikarudi. Watu wote wa mkutano, waliotufuata tangu kwenye bani, wamesimama wanatazama. Tatu, matope yamemkaukia na sasa mchanga juu yake, alisema, "Iwashe kidogo tu, jamani, dakika moja." Mkono wa Nassoro ulikuwa pale pale kwenye swichi. Niliuona, na Mzee Maganga aliuona. Siwezi kuwaambia nilivyoomba, na ndoo kichwani.

Nassoro aliondoa mkono. Akavua viatu, akazuia tairi kwa jiwe, akaweka bega. Evarist akaweka bega. Halafu yule mama wa mkekani, yule asiyewaamini, alijifunga kanga kiunoni, akashuka kilimani akiwagombeza wote watatu kwa kutojua kusukuma, naye akaweka bega. Ikapanda.

Kwenye mti wa mwisho Mzee Maganga alinitua ndoo kwa mikono yake mwenyewe. "Umefika Pwani," aliniambia, nami nikalia, sijui kwa nini, pengine ni shingo. Alichana kipande cha ile kanga yangu ya ngata bila kuniomba ruhusa, akakifunga kwenye mti kiwe alama. Kingine alimpa yule mama akafunge kwenye mti wa kwanza tulikotoka. Kisha akaweka daftari juu ya kiti cha pikipiki, akakata mistari aliyoandika, akaandika mingine na kusaini.

Nassoro alisimama mikono imening'inia. Mzee Maganga alifunga daftari, akatutembeza hatua nyingine nyingi mbele ya ule mti, akasikiliza msituni, kisha akamwambia neno moja.

"Washa."

Nyumbani

Nusu ya ndoo alinipa, ndiyo hiyo mnayoilamba mkija kuniuliza habari. Tatu amerudi na mfuko wa matobolwa, na mchana huongea kwenye simu na yule mama wa karanga wa Manyoni. Nassoro anasema kila mgeni sasa anasukuma, na wengi wanapenda kuliko kuendesha. Mama yake aliniletea salamu na dua ndefu ambayo sikuielewa yote.

Jana nikiwa kwenye cherehani simu iliita, namba siijui. Sauti ikasema bila salamu yoyote, na hapo nikajua ni nani, maana Mnyamwezi anayeacha kusalimu ni lazima awe mtani:

"Mpagazi wangu, nyuki wamerudi kwenye ule mzinga. Lakini kitambaa chako kimepauka, watu hawakioni tena. Wazaramo mnavaa nguo mbovu. Lete kingine."

Nimeshakata kanga mpya, ile nyekundu niliyokuwa naitunzia harusi ya Shani.